Ceska Kiunoni: Sifa za Muundo wa Zamani

Askari wa doria anayetoka katikati ya mji wa Kitale kuelekea mtaa wa mabanda wa Kipsongo hubeba bastola yake katika mazingira yasiyo na huruma kwa chuma. Mji huu uko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, kati ya Mlima Elgon na vilima vya Cherang'any, na mvua ikishaanza mwezi wa Machi haina haraka ya kuondoka. Asubuhi kuna umande na ukungu, adhuhuri jua linachoma, alasiri wingu linafunga na vijia vya kati ya mabanda vinageuka tope. Kiangazi kikiingia, tope lile lile huwa vumbi linalopenya kila upenyo. Jasho hushuka mgongoni na kukusanyika mkandani. Ala ya ngozi hunyonya unyevu wote huo na kuushikiza kwenye chuma. Bastola inakaa humo zamu nzima, leo, kesho na mwaka ujao, na huenda mwenyewe akastaafu bila kuifyatua hata mara moja nje ya uwanja wa shabaha. Lakini ikifika dakika ya kuhitajika, inatakiwa iitike papo hapo, mara ya kwanza, bila kubembelezwa.

Huo ndio mtihani wa silaha ya kubeba kila siku. Nchini Kenya silaha inayoufanya mtihani huo mara nyingi ni Ceska. Hata raia ambaye hajawahi kugusa bastola analijua jina hilo, maana hulisikia kwenye taarifa ya habari silaha ya polisi inapotajwa. Jina jingine analolisikia ni Jericho. Wachache wanajua kwamba bastola hizi mbili ni za ukoo mmoja. Jericho ilianza kutengenezwa Israeli mwaka 1990, na muundo wake umetokana na CZ 75 ya Chekoslovakia, yaani hiyo hiyo Ceska. CZ 75 yenyewe, kama nambari yake inavyoonyesha, ni ya mwaka 1975. Ukifuata mizizi yake unafika Ubelgiji mwaka 1935, na ukiendelea unafika Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa hiyo kinachoning'inia kiunoni mwa askari wa Kitale ni wazo lenye umri wa zaidi ya miaka mia moja. Ninataka kulisifu wazo hilo, watu waliolichonga, na mafundi wanaolitunza hadi leo.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Muundo wa zamani si sawa na bastola kuukuu. Bastola iliyotoka kiwandani mwaka jana kwa ramani ya 1975 ni bastola mpya. Iliyolegea springi na kuchakaa mtutu ni kuukuu, hata kama ramani yake ni ya juzi. Umri unaoupa muundo heshima ni umri wa kujulikana. Muundo uliobebwa na mamia ya maelfu ya watu, katika baridi ya Ulaya na joto la Afrika, kwa miongo kadhaa, umekwisha kutoa siri zake zote. Udhaifu wake umeandikwa, dawa ya kila udhaifu inajulikana, na fundi anajua pa kutazama kabla hajaombwa. Muundo mpya unaweza kuwa mzuri kuliko huo, lakini siri zake bado unazo. Wahenga walisema kipya kinyemi, kingawa kidonda.

Kitale yenyewe ilikua pamoja na silaha za kiunoni. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ya kikoloni iliendesha mpango wa mwaka 1919 wa kuwagawia mashamba wanajeshi wastaafu wa Kizungu, na Trans Nzoia, ambako ndiko Kitale iliko, ikawa miongoni mwa maeneo yaliyotwaliwa kwa wenyeji ili kuwapa. Silaha ya mkono ya ofisa wa Kiingereza wa zama zile ilikuwa Webley. Ile ya Mark VI, iliyoanza kutumika mwaka 1915, ilibeba risasi sita ndani ya silinda inayozunguka. Ukibonyeza kitasa, bastola inakunjuka katikati na maganda yote sita yanarushwa nje kwa mkupuo mmoja. Sifa yake kubwa ni kwamba haitegemei nguvu ya risasi iliyotangulia ili kuleta inayofuata. Risasi moja ikigoma kuwaka, unavuta tena, silinda inazunguka, na ya pili inasogea mahali pake. Kwa mtu aliyekaa peke yake shambani, mbali na fundi, hiyo ilikuwa faraja kubwa.

Hapa Kenya, hata hivyo, huwezi kuizungumzia Webley kama chombo tu. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, walowezi walikula na kulala na bastola zao, na Mwafrika aliyekutwa na silaha bila kibali alikabiliwa na kitanzi. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956. Alihukumiwa kifo kwa kupatikana na bastola ya Webley Scott ya .38, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Sifa ya chombo haifuti historia ya mikono iliyokishika. Anayesifu ufundi wa silaha katika nchi hii anapaswa kuyajua hayo yote na kuyataja.

Vita hivyo vya Mau Mau vilifundisha jambo jingine kuhusu ufundi. Wapiganaji waliokosa silaha za kiwandani walijitengenezea bunduki msituni kwa mabomba ya maji, komeo za milango na vipande vya mpira. Ulikuwa ujasiri mkubwa, na pia hatari kubwa kwa mpigaji mwenyewe, maana bomba la maji halikuumbwa kuzuia mlipuko wa baruti. Shinikizo ndani ya mtutu wa bastola ya milimita 9 linaweza kupita mara 2,000 ya shinikizo la hewa tunayovuta. Kuwasha baruti ni kazi rahisi. Kazi ngumu ni kuitawala nguvu hiyo sentimita chache kutoka usoni mwa mtu, kuifanya itoe ganda tupu na kuleta risasi nyingine, na kurudia hivyo maelfu ya mara bila kumdhuru aliyeishika. Ni watu wachache sana duniani walioitatua kazi hiyo vizuri, na aliyewatangulia wengi ni John Moses Browning.

Browning alizaliwa Utah, Marekani, mwaka 1855, mtoto wa fundi wa bunduki, akakulia katika karakana ya baba yake. Bastola yake ya M1911 ilijaribiwa na jeshi la Marekani Machi 1911 kwa kufyatuliwa risasi 6,000 katika siku mbili. Ilipopata moto kupita kiasi ilichovywa kwenye maji ili ipoe, kisha kazi ikaendelea. Haikukwama hata mara moja. Mwisho wa mwezi huo huo jeshi likaipokea, na ikabaki silaha yake kuu ya mkono kwa zaidi ya miaka 70. Browning alifariki mwaka 1926 huko Liège, Ubelgiji, akiwa kazini katika kiwanda cha FN, na bastola aliyokuwa akiishughulikia ikamaliziwa na Dieudonné Saive. Ndiyo iliyotoka mwaka 1935 kwa jina la Hi-Power, yenye kitako kinachobeba risasi 13 wakati wenzake wengi walibeba saba au nane. Jeshi la Uingereza liliitumia kwa zaidi ya nusu karne, hadi lilipoanza kuibadilisha mwaka 2013.

Kisha wakaja ndugu wawili, Josef na František Koucký, wa kiwanda cha Česká zbrojovka mjini Uherský Brod. František alikuwa na uzoefu wa miaka mingi alipokabidhiwa kazi ya kubuni bastola mpya ya milimita 9 kwa ajili ya soko la nje. Chekoslovakia ilikuwa upande wa Mkataba wa Warsaw na jeshi lake lilitumia risasi za aina nyingine, kwa hiyo hakubanwa na masharti ya majenerali. Alichukua mfumo wa Browning wa kufunga na kufungua mtutu. Kutoka kwa SIG P210 ya Uswisi akachukua wazo la slaidi, yaani kile chuma cha juu kinachorudi nyuma, kupita ndani ya reli za fremu badala ya kuifunika fremu kwa nje. Akaongeza kifyatuo kinachoweza kuvutwa nyundo ikiwa imelala, na magazini ya risasi 15. Hakuna kipande kimoja hapo ambacho dunia haikuwa imekiona. Ustadi wake ulikuwa katika kuchagua na kupatanisha, mpaka vipande vya asili mbalimbali vikawa chombo kimoja kisicho na ugomvi ndani yake. Mafundi wa Italia, Uturuki, Israeli na kwingineko waliuiga muundo huo, na fundi haigi kitu kibovu.

Tuitazame sasa inavyofanya kazi, polepole, ingawa yenyewe hufanya yote kabla jicho halijapepesa.

Risasi iko kwenye chemba. Mtutu na slaidi vimeshikana, kwa kuwa migongo miwili iliyochongwa juu ya mtutu imeingia katika mifereji miwili iliyochongwa ndani ya slaidi. Nyundo inaanguka, baruti inawaka, na risasi inasukumwa mbele huku ganda likisukumwa nyuma. Kama slaidi ingefunguka sasa hivi, moto ungemrudia mpigaji. Haifunguki. Mtutu na slaidi vinarudi nyuma pamoja kwa milimita chache, na katika safari hiyo fupi risasi inakuwa imeshatoka mdomoni na shinikizo limeshuka. Chini ya mtutu kuna sikio la chuma lenye tundu lililopinda kama figo, na ndani ya tundu hilo umepita mhimili wa kishikizo cha slaidi. Mtutu unaporudi, mkunjo wa tundu unauvuta mkia wake chini. Migongo inatoka kwenye mifereji. Mtutu unasimama, slaidi inaendelea peke yake, na ukucha mdogo ulioshika ukingo wa ganda unalitoa chemba. Kidole cha chuma kilichosimama ndani ya fremu kinaligonga kwa upande, linaruka nje. Slaidi imeikoki nyundo ikiwa njiani. Springi iliyobanwa chini ya mtutu sasa inairudisha mbele, nayo inaisukuma risasi ya juu kwenye magazini, inaipandisha kwenye mteremko uliosuguliwa, inaiingiza chemba. Mkia wa mtutu unapanda, migongo inarudi kwenye mifereji. Tayari.

Ukikaa na mzunguko huo akilini unaanza kuona kwa nini unategemeka. Kinachoamua wakati wa kufungua ni umbo la tundu moja lililochongwa, na umbo halisahau wala halichoki upesi. Uzito wa chuma unasaidia pia. CZ 75 ina uzito wa karibu kilo moja bila risasi. Uzito huo unaukera mgongo wa askari mwishoni mwa zamu, lakini hupunguza mrusho wa mkono. Zile reli za ndani hufanya slaidi iende na kurudi kwenye njia ndefu iliyonyooka, bila kuyumba. Hii ndiyo sababu Ceska husifiwa kwa kulenga vizuri hata mikononi mwa mtu asiye bingwa. Gharama yake ni kwamba sehemu ya slaidi inayobaki nje ni nyembamba, na mwenye mkono uliolowa mvua hupata pa kushika padogo anapotaka kuikoki.

Kutegemeka huko kwa kuitika ni nusu moja tu ya sifa. Nusu ya pili ni kunyamaza, na hapo Kipsongo ina la kutufundisha.

Wakazi wengi wa Kipsongo ni Waturkana, watu wa familia zilizofika Kitale zikiukimbia ukame na uvamizi wa wezi wa mifugo huko kaskazini. Hawahitaji kuelezwa bunduki ni nini, wala inafanya nini ikiwa mikononi mwa mtu asiye na breki. Waturkana pia ni warithi wa mojawapo ya silaha za kubeba zilizobuniwa kwa akili nyingi kuliko zote Afrika Mashariki. Abarait ni kisu cha duara kinachovaliwa kwenye kifundo cha mkono. Makali yako ukingo wa nje pande zote, na ukingo wa ndani umezungushiwa ngozi ili usimkwaruze mwenyewe. Juu ya makali huvikwa ala nyembamba ya ngozi. Ala ikiwa mahali pake, mwanamume anaweza kuchunga, kusalimia, kumbeba mtoto na kulala bila kumkata mtu. Ikitolewa, kisu kiko tayari bila kutafutwa, na mikono yote miwili bado ni mitupu. Abarait ingekata vizuri lakini ikamjeruhi mwenyewe kila wiki, isingevaliwa.

Bastola ya kila siku hupimwa kwa kipimo hicho hicho. Kwa kila mara moja inayotakiwa kulia, kuna maelfu ya saa inazotakiwa zipite bila kulia, askari akipanda pikipiki, akikimbia, akianguka kwenye tope, akimkamata mlevi anayepapasa mkanda wake. Miundo ya zamani inalijibu jambo hili kwa uwazi ninaoupenda. Nyundo iko nje, nyuma kabisa, na mtu yeyote aliyefundishwa anaona kwa jicho moja kama imekokiwa au imelala. Nyundo ikiwa imelala, mvuto wa kwanza wa kifyatuo ni mrefu na mzito. Kidole kinapaswa kukusudia. Baada ya hapo nyundo hubaki imekokiwa, na mivuto inayofuata ni mifupi na myepesi. Anayetaka kuibeba ikiwa imekokiwa anayo sefti ya kuifungia.

Nusu hii nayo ina kasoro zake, na umri umezianika. CZ 75 ya mwanzo haikuwa na kitufe cha kushusha nyundo kwa usalama. Mwenye risasi chemba aliyetaka kuilaza nyundo alilazimika kuizuia kwa dole gumba huku akivuta kifyatuo, kazi isiyosamehe kidole kinachoteleza. Pia haikuwa na kizuizi cha ndani cha kuushikilia mshale unaogonga risasi endapo bastola itaanguka. Miaka ya 1990 kiwanda kilitoa CZ 75 B yenye kizuizi hicho, na baadaye zikaja zenye kitufe cha kushusha nyundo. Muundo ulisahihishwa mahali palipouma, na pengine pote ukaachwa kama ulivyokuwa. Huko ndiko kuzeeka vizuri kwa kazi ya fundi.

Huwezi kusema haya bila kuitaja Glock, ambayo wengi huiita bastola ya kisasa. Jeshi la Austria liliipokea mwaka 1982. Fremu yake ni ya plastiki ngumu, ni nyepesi sana kuliko Ceska, haishiki kutu upesi, haina nyundo ya nje wala sefti ya kufungua kwa dole gumba, na kila mvuto wa kifyatuo unafanana na uliotangulia. Kwa hali ya hewa ya Kitale, kutoshika kutu pekee ni hoja nzito. Ninaiheshimu. Lakini nayo imepita miaka 40 sasa, na ukiifungua utaukuta mtutu unaoinama kurudi nyuma kwa kanuni ile ile ya Browning. Usasa wake uko katika plastiki na kifyatuo. Moyo ni ule wa zamani. Na faida yake ya urahisi ina upande wa pili, kwamba asiyekuwa na nidhamu ya kidole hapati ule mvuto mrefu wa kumzindua, wala nyundo ya kuitazama. Kwa kikosi kinachofanya mazoezi ya kutosha hilo si tatizo. Kwa kikosi ambacho risasi za mazoezi huhesabiwa kwa ubahili, mvuto mrefu wa kwanza ni mlinzi wa bure.

Sasa tuingie ghala la silaha, maana huko ndiko bastola ya zamani inakofia au kuponea.

Fundi anayeijua kazi yake ana utaratibu usiobadilika. Magazini inatoka kwanza, chemba inatazamwa pili. Anayegeuza mpangilio huo anaitoa risasi chemba, kisha magazini iliyobaki inaleta nyingine kimyakimya, naye anaamini bastola ni tupu. Baada ya chemba kutazamwa kwa jicho na kuguswa kwa kidole, kwenye Ceska anatafuta alama mbili ndogo zilizochongwa nyuma upande wa kushoto, moja kwenye slaidi na moja kwenye fremu. Anairudisha slaidi kidogo mpaka alama zikutane, anausukuma nje mhimili wa kishikizo kutoka upande wa kulia, na slaidi yote inateleza mbele na kutoka. Springi na fimbo yake zinafuata, kisha mtutu. Hakuna bisibisi wala nyundo ya fundi. Mezani vimelala vipande vichache ambavyo mtu anaweza kuvitambua vyote kwa majina, na kila kimoja kinaonyesha wazi kilikosuguana na mwenzake.

Hapo fundi anasoma. Masizi kwenye mteremko wa kupandishia risasi yanafutwa, kwa sababu risasi inayokwama hukwamia hapo. Uchafu ulioshindiliwa chini ya ukucha unatolewa, kwa sababu ukucha usioshika sawasawa huliacha ganda chemba. Kishikizo cha slaidi kinatazamwa kwa makini zaidi, hasa pale mhimili unapoungana na bawa lake, maana CZ 75 iliyopigwa sana inajulikana kwa kuvunjika hapo. Huu ndio uzuri wa udhaifu unaojulikana. Kipande hicho ni kidogo, hubadilishwa kwa dakika moja, na ghala lenye busara huweka vya akiba. Mafuta hupakwa kwenye reli, kidogo tu. Mafuta mengi katika vumbi la kiangazi hugeuka tope la kusagia chuma, na yakitiririka hadi kwenye magazini yanaweza kuzipenya risasi na kuziua.

Magazini yenyewe ndiyo mgonjwa anayesahaulika. Bastola nyingi zinazolaumiwa kwa kukwama hazina kosa lolote. Kosa liko kwenye kisanduku cha bati kilichoangushwa sakafuni mpaka midomo yake ikapinda, au springi iliyochoka ambayo haipandishi risasi kwa wakati. Kuna pia jambo dogo linalowapata hasa wabebaji wa kila siku. Askari anayeingiza risasi ile ile chemba kila asubuhi na kuitoa kila jioni, kila mara anaigongesha kwenye mteremko. Baada ya muda kichwa cha risasi huzama ndani ya ganda lake. Nafasi ya baruti inapungua, na shinikizo linapanda siku itakapopigwa. Fundi mwangalifu huilinganisha risasi hiyo na mpya kwa kuzisimamisha bega kwa bega mezani, na ikionekana fupi anaiondoa. Risasi zinatengenezwa hapa hapa nchini, katika kiwanda cha Kenya Ordnance Factories Corporation mjini Eldoret, kilomita 70 hivi kutoka Kitale. Hakuna sababu ya kulea risasi iliyokwisha kuumia.

Mwisho anaandika. Nambari ya silaha, risasi zilizopigwa mazoezini, springi iliyobadilishwa na tarehe yake. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa bastola habari hiyo huwa ni uhai wa mtu. Bila daftari, hakuna anayeweza kusema kama Ceska iliyomo mkononi imepiga risasi 500 au 15,000, na maneno kwamba muundo wake unategemeka yanabaki ya kuufariji moyo tu.

Ndiyo maana huwa sikubaliani na anayedai kwamba askari wetu wanabeba masalio ya zamani na wanahitaji tu kununuliwa vitu vipya. Fedha zile zile zikielekezwa kwenye springi, magazini, vishikizo vya akiba, risasi za mazoezi na mafunzo ya mafundi wa ghala, bastola ya 1975 itatumika vizuri kwa miaka mingi ijayo. Zikielekezwa kwenye bastola mpya bila hayo, baada ya miaka michache tutakuwa na chuma kipya chenye magazini zilizopinda. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nawaambia pia raia waliopewa leseni chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Leseni ni amana inayokaguliwa, na inaweza kuondolewa. Ukichagua bastola ya muundo wa zamani umechagua vizuri, lakini jua kuifungua na kuifunga mwenyewe, jua kasoro za toleo ulilo nalo, na ipeleke kwa fundi mwenye kibali kabla haijakusihi. Usiingie uwanja wa shabaha mara moja kwa mwaka ukadhani umeshajifunza. Ukifika nyumbani ifungie mahali ambapo mtoto hafiki na mwizi haoni, kwa sababu uaminifu wa chuma hauchagui mwenyewe. Ceska iliyoibwa humwitikia mwizi kwa wepesi ule ule inaomwitikia askari.

Kwa hiyo uamuzi wangu ni huu: kwa kubeba kila siku, muundo wa zamani uliothibitika unatosha, na katika mikono mizuri unazidi kutosha. Ndugu Koucký na Browning walimaliza kazi yao kitambo. Iliyobaki ni yetu, nayo ni ya kila wiki: magazini nje, chemba itazamwe, springi ipimwe, daftari liandikwe.